Saini Ambayo Shangazi Hakuitia

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, mwanasheria wetu wa leseni atafunga mlango wa chumba chake na kuteremka ngazi akiwa mstaafu. Kwenye jalada lake la ajira ana jina refu la heshima. Humu ndani hatulitumii. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, sote tunamwita Shangazi.

Mhariri wa kijitabu hiki cha sherehe amenipa nafasi ndogo na onyo nisichekeshe sana. Mimi ni fundi wa kuweka programu kwenye zahanati, si mwandishi, kwa hiyo atanisamehe yote mawili.

Shangazi aliajiriwa wakati kampuni hii ilikuwa ikiuza na kutengeneza kompyuta katika vyumba vichache juu ya duka la viatu. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kusoma mikataba ya pango na kuwatuliza wateja waliorudisha mashine zenye harufu ya chai wakiapa kwamba zimeharibika zenyewe. Kisha vijana wa karakana wakaanza kuandika programu. Mojawapo ikaota mizizi, ile tunayoiita Kabati, ambayo humwambia mtoa dawa ni dawa ipi imebaki, ipi imekwisha na ipi imepitwa na muda. Hapo ndipo Shangazi alipojipatia kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameitangaza.

Kwa wageni wetu nieleze kidogo. Kabati ni programu huria. Maana yake ni kwamba maandishi yanayoiendesha yako wazi, na yeyote anaweza kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuyagawa. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani ni mali isiyo na mwenyewe. Lo! Wenyewe wapo, na masharti yao yapo, nayo ndiyo leseni. Sharti kubwa la Kabati ni kwamba ukiirekebisha na kuigawa, uwape wenzako haki ileile uliyopewa wewe. Ukipewa shibiri usichukue pima. Methali hiyo Shangazi ameisema humu ndani mpaka mfagizi wetu anaijua kwa sauti yake.

Na jina la Shangazi alilipata kwa haki. Kijana akileta kipande cha programu alichokiokota mtandaoni, anakishangilia kama mchumba mpya, yeye alikuwa akivua miwani na kuanza. Huyu ni wa nani? Amelelewa wapi? Wenyewe wameridhia, au mmetoroka naye? Kijana alikuwa akicheka, kisha akigundua kwamba mama mwenyewe hacheki, anarudi mezani kwake kuitafuta leseni.

Wapo waliojifunza kwa njia ngumu. Mwenzetu mmoja, tunayemwita Msafi mpaka leo, aliambiwa kwamba wageni wanakuja kuitazama Kabati. Akataka ing'ae. Juu ya kila faili aliona aya ndefu za majina ya watu na masharti yao, akaona ni takataka, akazifagia zote. Asubuhi alikuja kazini anatabasamu. Kuzirudisha lilikuwa jambo la dakika moja, kwa kuwa nakala za zamani zilikuwepo, lakini Shangazi hakumruhusu aponyoke kirahisi hivyo. Wakati wa chai ya saa nne alimsimamisha mbele yetu ayasome majina yote aliyoyafuta, moja moja, kwa heshima. Kuna jina la mtu wa mbali lililokuwa na konsonanti nyingi zilizobanana; hapo Msafi alikwama kama gari kwenye tope, na sisi tukamsukuma kwa kumsomea kwa pamoja. Tangu siku hiyo hakuna anayemshinda kwa kutunza majina ya watu.

Kisha kuna habari ya bibi. Ndani ya Kabati kuna kipande kidogo kinachopiga hesabu za tarehe. Aliyekiandika, mtu ambaye hatujawahi kumwona, aliweka sharti moja tu, kwamba anayekitumia ampelekee salamu bibi wa huyo mwandishi. Wote tulisema huo ni utani. Shangazi akasema ahadi ni deni, na utani ukishaandikwa kwenye leseni ni sharti. Basi kila tulipotoa toleo jipya, aliandika salamu za kampuni nzima kwa bibi, akazituma. Miaka ikapita. Siku moja bibi akajibu kupitia kwa mjukuu wake: salamu zote zimefika, anashukuru, hiyo Kabati yenyewe haijui, ila anauliza kama huyo mwanamke mwenye adabu ameolewa, maana mjukuu bado hajapata mke. Shangazi alikuwa na mume na watoto wawili shuleni. Alimjibu bibi hivyo kwa upole, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni.

Mume wake, ambaye ni fundi cherehani, aliwahi kutuambia kwamba nyumbani mambo ni yaleyale. Huwezi kusimulia kichekesho cha jirani bila kumtaja jirani.

Lakini nikiishia kwenye vichekesho nitakuwa nimemdhulumu. Sherehe hii tunaifanyia katika ukumbi wetu wenyewe, na Kabati bado inafanya kazi katika zahanati nisizoweza kuzihesabu, kwa sababu ya jambo alilolifanya katika mwaka wake wa kumi na nne hapa. Vijana wengi hawalijui, nami nilikuwepo.

Mwaka huo kazi ilikuwa imepungua. Vyumba viwili vilikuwa vimefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza. Ikaja kampuni kubwa inayotaka kuinunua Kabati kwa sharti kwamba ifungwe. Iwe yao peke yao, asiwepo wa kusoma maandishi yake wala kuyanakili wala kuyatoa bure. Matoleo ya zamani yangebaki huria, hilo hakuna awezaye kulitangua. Ila kuanzia siku hiyo kila rekebisho lingekuwa la wenye uwezo wa kulipia, na zahanati ndogo zingebaki na Kabati inayozeeka, bila mtu wa kuitibu.

Sasa, programu iliyochangiwa na watu wengi haiwezi kubadilishiwa leseni na mtu mmoja. Kila aliyechangia ana hakimiliki ya kile alichokiandika, na ni lazima aridhie. Kazi ya kuwaomba wachangiaji wote saini ilimwangukia Shangazi, naye akaifanya kwa haki. Alipiga simu, akaandika, akaeleza faida na hasara bila kumsukuma mtu upande wowote. Mmoja baada ya mwingine wakakubali. Wengi walikuwa wa humuhumu, na sote tulikuwa na watu wanaotutegemea. Mimi nilitia saini kabla chai yangu haijapoa.

Ikabaki saini moja, nayo ilikuwa yake mwenyewe.

Wengi tulikuwa tumesahau kwamba naye ni mchangiaji. Mdogo wake, kitindamimba wa kwao, ni mtoa dawa katika zahanati ndogo ya pembezoni mwa mji. Zamani maonyo ya Kabati yalikuwa ya kutisha bila kueleweka, herufi kubwa tupu, kitu kama TAHADHARI: KIPINDI CHA UHALALI KIMEKOMA. Mdogo wake aliyazoea kama mtu anavyozoea kelele za barabarani, akawa hayasomi. Basi Shangazi alikuwa akienda Jumamosi, kwa muda wake mwenyewe, kukaa kwenye kistuli nyuma ya kaunta na kutazama kazi inavyokwenda. Akirudi nyumbani alikuwa akiyaandika maonyo upya, kwa maneno ambayo mtu mwenye foleni mbele yake anaweza kuyasoma kwa jicho moja. Hii imepitwa na muda, iweke kando. Imebaki kidogo, agiza leo. Hii ni ya mtu mzima; umeuliza umri wa mtoto? Aliichangia Kabati sentensi hizo kama ambavyo angechangia mtu yeyote wa nje, chini ya leseni ileile. Zilikuwa zake, si za kampuni.

Alichokifanya kwanza kilikuwa kumwendea mkurugenzi na kumwomba jambo hili akabidhiwe mwanasheria mwingine, kwa kuwa yeye hawezi kukaa pande zote mbili za meza. Kisha akamwambia kwamba kama mchangiaji, jibu lake ni hapana. Alisema maneno hayo amekwisha kuwapa watoa dawa, na hawezi kutoa kwa mkono wa kulia halafu akavuta kwa wa kushoto.

Mkurugenzi wa wakati ule, mzee wetu ambaye Ijumaa atakuwa kwenye kiti cha mbele na ameniruhusu kusimulia haya, alikuwa mtu wa sauti. Siku hiyo ilisikika mpaka kwenye duka la viatu. Alimuuliza Shangazi kama anataka watu wote hawa warudi nyumbani kwa ajili ya visentensi. Mkono mtupu haulambwi, alisema, na biashara hii ikivunjika, wa kwanza kutafuta kazi kwingine atakuwa yeye. Hakuwa anatania.

Na sisi wenzake hatukuwa bora sana. Baadhi ya meza ziliacha kumkaribisha chai. Nilimkuta siku moja kwenye ngazi ameshika kikombe chake, hajui aingie chumba gani. Iliniuma, na yeye ilimuuma zaidi, ingawa hakulalamika kwa mtu.

Yaliyofuata ndiyo ninayotaka vijana wayajue. Mkurugenzi, kwa kejeli, alimuuliza mbele ya mkutano kama mwanasheria wa kampuni ana ushauri wowote kwa mteja anayesumbuliwa na mchangiaji mkaidi. Shangazi akasema anao, mradi wapate mwanasheria mwingine wa kuupitia. Akaketi, akaeleza. Kampuni inaweza kuziondoa sentensi zake zote na kuweka mpya. Mwandishi wa hizo mpya awe mtu ambaye hajawahi kuziona za kwake. Aambiwe tu kila onyo linatakiwa kufanya kazi gani, mengine ayatoe kichwani mwake. Mkifanya hivyo, alisema, saini yangu hamtaihitaji tena. Alituonyesha njia ya kumzunguka yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, bila kuacha shimo hata moja la kutunasa. Jamani, nimefanya kazi na watu wengi. Sijamwona mwingine wa namna hiyo, na kila nikikumbuka namstahi upya.

Haya basi, tukatafuta mtu ambaye hajaziona. Sote tulikuwa tumeziona. Wengine tulikuwa tunazitamka usingizini. Mwishowe mkurugenzi akamleta shemeji yake, bwana mmoja mpole ambaye watu humwendea awaandikie risala za sherehe. Aliandika kwa moyo wake wote. Onyo la kwanza lilianza hivi: Ndugu mtumiaji mpendwa, kwa unyenyekevu mkubwa tunapenda kukujulisha kwamba dawa uliyoichagua, licha ya sifa zake nyingi, imefikia ukomo wa safari yake. Msafi aliomba ruhusa ya kutoka nje, akacheka huko.

Ilibidi tuijaribu mahali penye kazi ya kweli. Zahanati iliyokubali ilikuwa ileile ya mdogo wake. Shangazi alikataa kufuatana nasi, mtu asije akasema amemfundisha ndugu yake cha kufanya. Nikaenda mimi na mkurugenzi, tukakubaliana na daktari wa pale kwamba sisi wawili tutasimama kando ya kaunta na kuikagua kila chupa kabla haijamfikia mgonjwa.

Ilikuwa Jumatatu, foleni imefika mlangoni. Mtoa dawa alikuwa akifanya kazi haraka na vizuri, anaita, anauliza, anabandika maelezo. Akaja mama mmoja na mtoto mwenye homa anayelia bila kupumzika. Mtoa dawa akachagua dawa ya maji kwenye kompyuta, na skrini ikajaa risala. Alisoma mpaka Ndugu mtumiaji mpendwa, akaona ni salamu, akabonyeza iondoke, akamnyooshea mama chupa. Mkurugenzi akaidaka juu ya kaunta. Aliigeuza, akasoma tarehe iliyokuwa chini. Ilikuwa imepitwa na muda.

Alimpa mtoa dawa chupa ile, naye alipoiona tarehe alishika kifua. Akamchukulia mama chupa nyingine, akamwomba radhi, kisha akatugeukia na kutuuliza kwa hasira ni nani aliyemwondolea maneno ya dada yake. Mkurugenzi akaniambia niyarudishe palepale, na nikayarudisha huku foleni ikinung'unika. Ndani ya gari mkurugenzi aliniuliza yule mtoto angekuwa na umri gani. Yule mzee ana wajukuu.

Kesho yake aliiambia ile kampuni kubwa kwamba Kabati haifungwi. Kama wanataka, tutawafundisha watu wao, tutawarekebishia, tutawahudumia. Programu yenyewe itabaki ya wote. Wakaondoka. Mwaka ule ulikuwa mgumu, sitaupamba. Wenzetu wawili waliondoka kwa hiari kutafuta penye unafuu, na hakuna aliyefukuzwa. Kisha hospitali zikaanza kuja zenyewe, moja leo, nyingine baada ya miezi, na zilitupa sababu ileile: zilitaka programu ambayo hakuna mtu atakayeamka siku moja na kuzifungia. Sisi tulilipwa kwa kuitunza, na tunalipwa mpaka leo.

Mkurugenzi aliingia chumbani kwa Shangazi siku ileile akiwa na kikombe chake, akaketi bila kukaribishwa. Alimwambia kwamba kwa mwanasheria, anaandika kwa ufupi wa kutia shaka. Kisha akamwomba msamaha, waziwazi, mlango ukiwa wazi. Nao wakanywa chai.

Baada ya hapo Shangazi alituandikia kanuni ya kampuni ambayo wenzetu wa kampuni nyingine wanaionea wivu, kwamba kitu ambacho mfanyakazi amekiandika kwa muda wake na kwa kichwa chake ni chake. Amefundisha vyuoni. Amewalea wanasheria vijana watatu, mmoja wao ndiye anayemrithi, na tayari ameanza kuvua miwani kabla ya kuuliza maswali. Kasoro zake ni chache. Husoma masharti ya kila kitu, hata yaliyo nyuma ya pakiti ya biskuti, na kwenye harusi ya mwenzetu aliwahi kumfuata mpiga muziki kumuuliza kama wenye nyimbo wanajua.

Mapema mwezi huu, katika kukabidhiana kazi, ile saini ilijitokeza tena. Sentensi zake bado zimo ndani ya Kabati, na bado ni zake. Wengine walishauri kwamba kabla hajaondoka aombwe kuzihamishia kampuni, ili mambo yawe safi. Mkurugenzi wetu wa sasa, mama ambaye hapandishi sauti, aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hapana, asiombwe. Alisema yeye mwenyewe hajui miaka ijayo itamletea mnunuzi gani, na hajui siku hiyo atakuwa na njaa kiasi gani. Anataka pawe na mtu wa nje ambaye ni lazima aulizwe. Alichotaka kujua kwa Shangazi ni kimoja tu. Sote tuko njiani. Je, siku atakapokuwa hayupo duniani, ataulizwa nani?

Shangazi akajibu kwamba wosia ameshaandika. Nyumba ni ya watoto. Hakimiliki ya zile sentensi ni ya mdogo wake, ambaye mpaka leo yuko nyuma ya kaunta ileile, na baada yake ni ya binti wa mdogo wake, ambaye naye anasomea kazi hiyohiyo. Kwa hiyo mtu yeyote atakayetaka kuifunga Kabati, leo au baada yetu sote, itabidi aende zahanati. Atapanga foleni nyuma ya mama mwenye mtoto mgonjwa. Zamu yake ikifika, atamtazama mtoa dawa machoni na kumwomba ruhusa.

Mimi nilifurahi mpaka nikasimama, na kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikapiga makofi, wengine wakafuata.

Shangazi, asante kwa miaka yote hii. Asante kwa maswali uliyotuuliza, hata yale yaliyotuudhi, na kwa hapana moja uliyoisema ukiwa peke yako. Nenda ukapumzike na mzee wako, ukalee wajukuu, ukaisome hiyo pakiti ya biskuti kwa raha zako. Tunakuombea wewe na mdogo wako afya njema na miaka mingi, mingi kabisa, maana humu ndani hatumwamini mtu mwingine wa kutukatalia.